Ukuta Uliolia Kiu

Hapo zamani, wakati masikio ya watu yalikuwa bado yanasikia, palikuwa na kijiji kiitwacho Kiwambo, chini ya mlima uliokuwa ukimomonyoka. Kila masika udongo uliteremka ukameza nyumba na waliomo. Watu wakakubaliana wajenge ukuta wa kuuzuia mlima. Lakini saruji ilikuwa haba.

Fundi Mkadam akasema, "Leteni chupa mbovu na vioo vilivyovunjika. Vikitwangwa laini kama unga wa sembe, vikachanganywa na saruji, ukuta utashika. Ila chenga zisiingie. Chenga za kioo huvimba ndani ya saruji zikaipasua."

Basi kazi ya kuokota akapewa mwanakijiji mmoja, Mbwarali. Akaokota jalalani, akaokota njiani, na gunia halijajaa. Akapita makaburini. Sasa, desturi ya Kiwambo ni kumwekea maiti kichwani pa kaburi bilauri ya maji yake ya mwisho, na bilauri hiyo haiguswi. Mbwarali akaigusa. Akachukua ya kaburi bichi la binti aitwaye Chausiku. "Wafu hawana kiu," akajisemea, mjinga yule.

Kidawa, mwenye kinu, akatwanga. Akatwanga vya jalalani, kimya. Akatwanga vya njiani, kimya. Akatwanga bilauri ile, na kutoka kinuni sauti ya msichana ikasema, "Maji." Hakumwambia mtu. Aliimwaga kwenye rundo ikiwa bado chenga, akakimbia.

Mkadam akachekecha. Chenga zikabaki juu ya chekeche, akaziona kwa macho yake. Akatazama mawingu, akazitia kwenye zege. "Masika hayangoji mtu," akasema.

Ukuta ukasimama, imara, wenye rangi ya kijani kwa mbali. Ulipokauka, jua likiwa utosini, ukaita kwa sauti ile ile ya msichana: "Maji." Watu wakaumwagia ndoo kwa ndoo, ukazinywa zote, chini pakabaki pakavu. Kisha ukapasuka ufa.

"Si maji ya ndoo," ukasema. "Aliyenidhulumu kuliko wote aje akae miguuni pangu mpaka afe, aniitikie kila nikiita. Akija yeye, nitasimama. Akija mwingine, nitaanguka."

Watu wakaulizana, na Kidawa akakiri sauti aliyoisikia kinuni. Mbwarali akasema, "Niliiba, sikatai. Lakini mimi sauti sikuisikia. Kidawa angesema, ningeirudisha."

Kidawa akasema, "Niliogopa, jamani. Uoga nao ni dhuluma? Mwenye chekeche ni fundi."

Mkadam akasema, "Ningechelewa, mlima ungewafunika watoto wenu. Tena sikujua zimetoka kaburini."

Ndipo akaja Bi Mwanamvua, mama yake Chausiku, akilia.

"Niacheni niende mimi. Homa ilipombana mwanangu aliniomba maji. Mganga alinikataza nisimpe, nikamnyima mpaka akakata roho. Bilauri ile niliijaza baada ya kufa kwake, nikaiweka kaburini kama kwamba alikunywa."

"Bi Mwanamvua," watu wakamwambia, "wewe ulitaka apone."

"Nilitaka. Na kiu yake je?"

Kule juu mvua ikaanza kunyesha. Ufa ukapanuka ukatosha kidole, ukapanuka ukatosha mkono, na chini ya ukuta watoto wa Kiwambo walikuwa wanakula ubwabwa.

Wewe unayetazama chini, inua uso unijibu: Mbwarali, Kidawa, Mkadam, au mama mtu? Je, nani aende?