Ngoma Kwenye Kibanda cha Mtungi

— Sikio!
— Limetegwa!
— Ulimi?
— Umefungwa!
— Basi uacheni wangu ucheze.

Hapo kale, kabla watu hawajajifunza kutoa huku wakichungulia nani anawatazama, palikuwa na kijiji kiitwacho Kilonga. Kwenye njia panda ya Kilonga palikuwa na kibanda. Ndani ya kibanda, mtungi. Mtungi mkubwa, shingo nyembamba, unapita mkono mmoja tu. Mwenye nacho aliweka mtama, mwenye njaa alichota. Mlangoni umening'inizwa mkeka.

Mtu alikuja na kikapu kimefunikwa. Akaingia. Akatoka na kikapu kimefunikwa. Kaweka mtama? Kachota mtama? Wewe hujui. Mimi sijui. Jirani yake hajui. Na mtungi, jamani, haukukauka!

Jambo hilo likamwasha Jumbe Magimbi, mkuu wa kijiji, kama upupu.

"Mimi nikiomba mtama wa ghala langu, huyu ana nzige, yule ana ukame, yule mkewe mgonjwa. Mtungi hauombi, nao wanaujaza. Kwa nini?"

Akamwuliza mfinyanzi. Mfinyanzi akasema, "Mtungi ule niliufinyanga mimi, Jumbe. Nikiuona mtupu naona kama unanitukana."

Akamwuliza mrina asali. Mrina asali akasema, "Kibanda kiko njiani kwangu. Kingekuwa mlimani, labda ningekuwa bahili."

Akamwuliza mama yake mzazi, Bi Kazija, aliyekuwa uani akipukuchua kunde.

"Uliza mkono wako," akasema Bi Kazija.

"Mkono wangu, mama?"

"Nimeshasema. Sogea, unanizibia jua."

Jumbe akautazama mkono wake. Akaugeuza. Mkono haukusema kitu.

"Nitajua mwenyewe!" akasema. Akaamuru mkeka uondolewe. Akaleta ngoma, na mpiga ngoma jina lake Chuma. Atakayeweka kikapu kizima, tindi! tindi! tindi! na jina litangazwe. Atakayeweka konzi moja, ti! Atakayechota, ngoma inyamaze, jina lake tu litajwe kwa sauti.

Nani alimtuma? Nauliza, nani alimtuma? Msicheke. Jumbe huyu mnamjua. Siku hizi anakuja na mpiga picha.

Siku ya kwanza watu walivaa nguo za sikukuu. Mtungi ukajaa mpaka ukafurika. Tajiri mmoja aliweka kikapu, akarudi nyumbani, akaleta kingine ili asikie tena jina lake. Jumbe akapiga makofi. "Kumbe ni hilo! Wanatoa wasifiwe!"

Akadhani amepata jibu. Subirini.

Pale Kilonga palikuwa na ndugu wawili, Mashavu na mdogo wake Semeni. Mashavu alikuwa na kichanga. Mumewe amekufa, shamba limeliwa na ngiri, chungu kitupu, maziwa yamekauka.

"Dada, nenda kachote," akasema Semeni.

"Nikatangazwe? 'Mashavu kachota'? Mwanangu akikua wamwite mtoto wa ngoma?"

"Basi nitakwenda mimi."

"Wewe ukitajwa, si nyumba ni hii hii?"

Mtoto akalia. Akalia tena. Mara ya tatu sauti ilikuwa nyembamba kama ya mbu.

Na si Mashavu peke yake. Waliozoea kuleta konzi moja walisikia "ti!" yao, wakasikia na vicheko, wakabaki nyumbani. Matajiri nao walipokosa wa kuwatazama, wakachoka. Mtama ukalala mtungini mpaka ukaingia fukusi. Jumbe akasimama kibandani anakuna kichwa.

"Hawaweki. Hawachoti. Kwa nini?"

"Jibu ninalo, Jumbe," akasema Semeni nyuma yake. "Lakini lina sharti. Chota konzi moja, wewe mwenyewe, mchana huu, watu wakiona."

"Hilo tu, binti?"

"Hilo tu."

Jumbe akacheka mpaka kitambi kikatikisika. Watu wakaitwa, wakajaa. Jumbe akausogelea mtungi, akanyosha mkono. Mkono ukasimama.

"Jua kali," akasema.

Akanyosha tena. Ukasimama. "Nimesahau kofia yangu."

Akanyosha mara ya tatu. Ukasimama tena. Jasho lilimtiririka.

"Mbona hauingii?" akauliza Semeni.

"Wananitazama!"

"Na wewe una ghala, Jumbe. Huu kwako ni mchezo. Dada yangu ana kichanga kisichoweza tena kulia, na haya hiyo hiyo umemwekea mlangoni!"

Ndipo Bi Kazija akainuka, akajikongoja mpaka pale, akamshika mwanawe kifundo cha mkono, akausukuma mkono ndani ya mtungi, twaa!

"Leo unaona haya? Mkono huu ulipita hapa hujajua hata kutembea sawasawa. Baba yako alipopotea safarini tuliingia humu, mimi na wewe, ukachota huku unacheka. Kuna aliyewahi kukusimanga?"

Jumbe akawatazama wazee. Wazee wakatazamana. Hapakuwa na hata mmoja aliyejua.

"Ndiyo maana ukaweza kuwa Jumbe wao," akasema mama. "Mvua iliponyesha nikarudi kuweka. Sijaacha mpaka leo."

Jumbe akautoa mkono polepole. Konzi ya mtama, na fukusi mmoja anatembea juu ya kidole gumba. Chuma akainua kigongo cha ngoma.

"Thubutu!" akafoka Jumbe.

Akaibeba ngoma mwenyewe, akaiondoa. Akaning'iniza mkeka mwenyewe. Mtama wa fukusi wakapewa kuku. Kabla jua halijateremka, vikapu vilikuwa vinaingia vimefunikwa, vinatoka vimefunikwa. Mashavu naye alipita. Jioni ile nyumbani kwao palinukia uji, na mtoto hakulia, maana alikuwa ananyonya.

Na Jumbe? Kila siku ya gulio alikwenda kibandani na kikapu kimefunikwa.

Aliweka? Alichota? Mnaniuliza mimi? Hata mimi nimepita pale na kikapu changu, na hamtajua.

— Sikio!
— Limeshiba!
— Ulimi?
— Umefunguliwa!
— Basi simulieni yote, ila msiseme nani alichota.