Mbebaji wa Mtoto wa Niwaeli

Hapo zamani, si zile za fisi na sungura kupeana maneno, bali hizi za juzi tu, za mashine kuulizana neno la siri, palitokea katika mji wa Same jambo ambalo msimuliaji wenu amelizungusha kichwani mpaka leo na hajalipatia jibu. Amewauliza waliosoma, wakabishana. Amewauliza wasiosoma, wakabishana vizuri zaidi. Kaeni mlisikie, huenda mkamtua mzigo.

Palikuwa na mama mmoja, Bibi Naetwe, mjane wa mwalimu. Katika nyumba yao mtoto hakupewa jina mpaka bibi yake amwone uso. Na jina hakulitoa bibi, wala baba, wala mama. Jina lilitolewa na mbebaji, yule aliyemchukua mtoto chumbani kwa mzazi, akamvusha kizingiti, akamweka mapajani pa bibi. Mbebaji hutamka jina, bibi hulirudia, basi. Hakuna aliyewahi kubishana juu ya nani mbebaji, kwa kuwa mikono ya mtu huonekana.

Sasa Niwaeli, binti wa Bibi Naetwe, aliolewa nchi ya theluji, akajifungua huko mtoto wa kike. Siku moja, jua la saa sita likiwaka, akapiga simu.

"Mama, mtoto mzima, na mimi mzima. Lakini huku hawana subira. Leo ofisi ya vizazi ikifungwa hatujapeleka jina, mama mkwe wangu analo lake. Linasubiri muhuri tu."

"Jina gani?"

"Hata mimi siwezi kulitamka, mama."

Bibi Naetwe hakumlaumu mama mkwe yule. Naye ni bibi, naye ana ukoo wake. Ila hakutaka mjukuu aingie duniani bila kuvushwa na mtu.

Eliwaza, mke wa mwanawe mkubwa, akamletea simu, akamwonyesha picha ya mtoto. Bibi akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Aliona doa la chai juu ya kitambaa.

"Sema tu umemwona, mama," Eliwaza akasihi. "Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Tena hiyo ni picha. Picha haipepesi macho. Nataka uso, na nautaka mkubwa."

Hapo ndipo ilipokumbukwa kompyuta ya marehemu.

Ilikuwa kompyuta mpakato ya zamani, nzito kama tofali, yenye kioo kipana. Mwalimu alipofariki, kila mtu aliona ni takataka isipokuwa Eliwaza. Huyo aliifumia vazi la uzi wa kijani lenye vifungo, lililoikaza pande zote kama soksi mguuni. Kila Jumapili baada ya ibada aliifungua vifungo vya mbele, akaichaji, akaiwasha, akaitazama ikiamka, akaizima, akaifunga vifungo. Hakuwa na kazi nayo. Aliitunza tu, kama anavyotunza vikombe vya wageni.

Akaitwa Zefania, mtoto wa kaka yake Bibi, fundi wa redio na kompyuta pale sokoni. Akaja na begi lake, akaketi, akaiwasha. Ikaamka. Akatafuta mtandao wa nyumbani. Hakuna. Akazima, akawasha. Hakuna.

"Shangazi, hii haioni mtandao hata mmoja. Haioni wetu, haioni wa jirani, haioni wa kanisani."

"Basi tuko sawa mimi na yeye," akasema Bibi.

Zefania akaanza kuivua vazi. Eliwaza akamshika mkono. "Usiivue! Itaingia vumbi."

"Shemeji, mgonjwa hapimwi na koti."

"Hilo ndilo lililomfikisha hapa, hilo koti."

Wakavutana kidogo, vazi likavuka. Zefania akaipapasa mashine ubavuni, akacheka peke yake. Palikuwa na kiswichi kidogo, cha kuteleza, kama vilivyowekwa kwenye mashine za miaka ile. Ndicho kilichofungua na kufunga masikio yake kwa mtandao. Na kila Jumapili, Eliwaza alipolivuta lile vazi likakaza, uzi ulikisukuma kikalala upande wa kufunga.

"Umeitunza, shemeji," akasema Zefania, "na umeifumba macho kwa mikono yako."

Akakisukuma. Majina ya mitandao yakajitokeza kiooni kama kumbikumbi. Akachagua wa nyumbani, akaingiza neno la siri. Ukakataa. Akaingiza tena polepole, herufi baada ya herufi. Ukakataa.

"Nani alishika kile kisanduku cha intaneti?"

Alikuwa Ombeni, kitindamimba wa Bibi. Vijana wa nyuma ya ua walikuwa wakijiunga na mtandao wao bila kubisha hodi, naye akakiwekea kisanduku ulinzi wa kisasa kabisa. Mashine mpya ziliuelewa. Mashine ya marehemu haikupata kuusikia. Ilibidi kisanduku kirudishwe kwenye ulinzi wa zamani, na kukirudisha ni kukizima na kukiwasha upya. Aliyejua namna ya kuingia humo ni Ombeni peke yake, na wakati ule alikuwa chumba cha uani, simu yake imeegemezwa kwenye chupa ya chai, akisailiwa kazi kwa mtandao uleule. Mtandao wa simu pale nyumbani ulifaa kwa maongezi tu; video haikupita.

Bibi Naetwe alimsikia kupitia ukutani akijibu maswali kwa sauti ya kistaarabu asiyoitumia nyumbani. Kazi hiyo alikuwa ameiomba muda mrefu. Bibi hakusema mwiteni, hakusema mwacheni. Eliwaza ndiye aliyekwenda kugonga.

Ombeni akatokeza kichwa mlangoni. Juu alivaa shati na tai, chini bukta ya mpira.

"Shemeji, jamani! Wananiuliza swali la mwisho."

"Niwaeli amepiga tena. Ofisi inafungwa."

Ombeni akatazama nyuma kwenye simu, akatazama mbele kwa mama yake. Wakamsikia akisema, "Waheshimiwa, naomba radhi, mtandao unakatika." Kisha akaukata yeye mwenyewe.

Akaingia kwenye kisanduku, akashusha ulinzi, akakizima, akakiwasha. Taa zikapepesa, zikatulia. Kompyuta ikakubaliwa. Zefania akaiweka mapajani pa Bibi, naye akaipakata. Ikaita, ikaita, na uso ukaja, mkubwa, umejaa kioo kizima. Mtoto akapepesa macho, akapiga chafya.

Bibi Naetwe akautazama kwa muda.

"Paji la mwalimu," akasema. "Masikio sijui kayatoa wapi. Nimemwona. Mbebaji na atamke."

Midomo mitatu ikafunguka kwa pamoja.

Eliwaza akasema: "Mama, nisikilize. Nyote mliita mashine hii takataka. Huyu Zefania mwenyewe aliiomba, akitaka kioo chake akamwekee mteja. Ningewasikiliza, leo ungetazama ukuta. Mimi sina binti, nina wavulana watupu, na jina la mama yangu, Nakijwa, linakufa na mimi. Mtoto amefika kwa utunzaji wangu. Mbebaji ni mimi."

Zefania akasema: "Shangazi, nisikilize na mimi. Kioo niliomba, ni kweli, wala sikukiiba. Lakini mashine iliyotunzwa na haisikii ni ubao wa kukatia mboga. Aliyeizibua ni nani? Elinuru, mtoto wa dada yangu, hakuwahi kutajwa na mtu baada ya kuzikwa, nami nataka aitwe tena. Mtoto amefika kwa ujuzi wangu. Mbebaji ni mimi."

Ombeni akasema: "Mama, mimi sina jina kichwani, nitalitafuta. Lakini huyu alitoa uzi, na huyu alitoa kidole. Mimi nimetoa kazi. Wale hawatapiga tena. Mtoto amefika kwa hasara yangu. Mbebaji ni mimi."

"Hasara yako?" Zefania akamcheka. "Mlango uliufunga wewe! Mtu akifunga mlango kisha akaufungua, tumpigie vigelegele?"

"Na swichi je, ilijifunga?"

"Swichi muulize mwenye soksi."

"Heri mwenye soksi," Eliwaza akamrudishia, "kuliko mwenye bisibisi aliyekuwa akiinyemelea."

Kutoka kiooni Niwaeli akapaza sauti. "Jamani, ofisi! Na mkitaka kufuata mila neno kwa neno, aliyemchukua mtoto huyu chumba cha uzazi akamvusha kizingiti ni nesi wa huku, mrefu kama mlingoti. Nimwite atamke?"

Wakacheka, hata Bibi. Kisha akainua mkono, wakatulia.

"Nawauliza kila mmoja. Isingekuwa wewe, ingekuwa nani?"

Eliwaza akasema, "Ombeni. Hiyo kazi naijua alivyoitaka."

Ombeni akasema, "Shemeji. Alitunza bila kuahidiwa kitu."

Zefania akasema, "Shangazi, sijui kujisingizia unyenyekevu. Ni mimi."

"Hujanipotezea muda," akasema Bibi, wala hakuwa akimdhihaki.

Akawaza. Utunzaji ulikuja kwanza, lakini ndani yake kilikuwamo kizuizi. Ujuzi ulikiondoa kizuizi, lakini ujuzi huohuo nusura uivunje mashine kwa ajili ya kioo. Na mwenye hasara alilipa bei kubwa kuliko wote, ila alilipia kufuli aliyoifunga kwa mkono wake, tena kwa nia ya kuilinda nyumba. Hakumwona mwenye kosa tupu, wala hakumwona mwenye haki tupu. Na ofisi ilikuwa inafungwa.

"Eliwaza," akasema, "tamka."

Kwa nini, hakueleza siku ile, na aliyekuja kumuuliza baadaye aliulizwa hali ya kwao.

Eliwaza akafungua kinywa, machozi yakatangulia. Akajaribu tena, sauti ikatoka ndogo mno, Niwaeli akawa anauliza, "Nani? Nani?" Ombeni akainama juu ya mapaja ya mama yake, akiwa bado na tai yake, akaliandika jina lile kwa kidole kimoja: Nakijwa. Bibi akalirudia kwa sauti. Ombeni akabonyeza, likaenda. Huko kwenye theluji likapigwa muhuri kabla dirisha halijafungwa.

Zefania alikunja waya zake, akaaga kwa adabu, akakataa chakula.

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa, na aliyelifikisha jina ni yule aliyenyimwa kulitoa. Mtunzaji alipewa, mjuzi akaondoka, mwenye hasara akaandika. Msimuliaji wenu ameshindwa kuupima mzigo huu, anautua mbele yenu: kati ya watu watatu wale, nani hasa alimvusha mtoto yule kizingiti? Je, nani alistahili?