Kitabu cha Sandukuni

Jamani, nikiita mtaitika? Haya, sogeeni.

Alikuwako mwanamke, jina lake Kidawa, na binti yake mdogo, Riziki. Siku moja Kidawa alimpa maji jini mwenye kiu, na jini akamzawadia kitabu.

"Kitabu hiki humsimulia mtoto angali na meno ya utoto," akasema jini. "Likishang'oka la mwisho, hakisimulii tena."

Kidawa akakipenda mno. Akakifunga kwa kanga mpya, akakifungia sandukuni pamoja na vikombe vya wageni.

Riziki akaja. "Mama, kitabu kinaniita."

"Mikono yako michafu, mwanangu. Subiri."

Akanawa, akarudi. "Mama, kinaniita."

"Mikono yako ina maji. Subiri."

Akajifuta, akarudi. "Mama, kinaniita!"

"Utakichana. Subiri ukue."

Basi akakua. Jino likang'oka, akalirusha juu ya paa kama watoto wote. Likafuata jingine, na jingine. Aliporusha la mwisho, Kidawa, aliyekwisha kusahau maneno ya jini, akafungua sanduku kwa furaha. Kitabu kilikuwa safi kama siku ya kwanza.

Riziki akakifunua. Hadithi zote zilikuwa zimefutika. Ikatoka sauti moja tu, ya Kidawa mwenyewe, kwani ndiyo pekee iliyopenya kifuniko miaka yote ile:

"Mikono yako michafu, mwanangu. Subiri."

Kidawa akalia. Riziki akamfuta machozi kwa ile kanga mpya, akauliza, "Mama, nilikuwa nasubiri nini?"

Yangu ndiyo hayo. Wenye masanduku, nendeni mkafungue.