Gemu ya Bao ya Bwana Nyange

Bwana Nyange, tajiri wa mtaa, alikuwa amewafunga bao wanaume wote wa barazani kwake; wanawake aliwafukuza wasicheze. Akamwita Sikudhani, binti aliyeishi kwa vibarua vya kutengeneza programu.

"Nitengenezee gemu ya bao kwenye simu. Nikiifunga, kompyuta yako naichukua."

"Ikikufunga wewe?"

"Baraza wazi kwa yeyote. Hata yule bibi yako niliyemfukuza."

Baada ya wiki Sikudhani alileta simu. Nyange akacheza mbele ya wenzake, akafungwa mara nne mfululizo.

"Umeitia akili gani hii?"

"Basi baraza ni wazi?"

"Nimeshasema, wazi!"

Sikudhani akageukia dirisha la jirani. "Bibi, weka simu chini. Njoo ucheze kwa mkono."