Mzizi wa Nambike

"Maji ya kwanza si dawa." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo mwanawe, anayetaka kuposa msichana aliyemwona juzi tu, nanyi mmekuja kuniuliza ni maji gani hayo. Kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, huku kwetu milimani Upare, alikuwako mzee Kangero na mkewe Nambike. Kangero alimpenda mkewe bila kuona haya. Nambike alipoanza kuhema akipanda kutoka mtoni, mzee alitwaa mtungi akajitwika mwenyewe. Wanaume wenzake wakamcheka.

"Chekeni tu," akawajibu. "Bora mtungi kichwani kuliko kilio nyumbani."

Lakini kuhema hakukukoma. Miguu ya Nambike ikavimba, na moyo ukawa unamdunda hata akiwa ameketi. Kangero akaenda kwa Nakiete, bibi mjuzi wa mitishamba, naye akamchimbia mzizi na kumpa masharti.

"Ukate vipande vyembamba, uloweke siku tatu, kila siku ubadili maji. Kisha uanike kivulini hadi ukauke, usipigwe na jua. Ndipo uchemshe. Maji ya kwanza uyamwage mbali, hata kuku wasiyaguse. Tia maji mapya, uchemshe tena tangu asubuhi hadi jua la utosi. Hayo ya pili ndiyo dawa."

Kangero akahesabu siku, pamoja na za kuanika zikafika kumi, akaziona nyingi mno. Mkewe alikuwa hawezi hata kumaliza maneno bila kutweta. Akauchemsha mzizi mbichi siku ileile. Maji yakatoka meusi, machungu kama nyongo.

"Nguvu yote imo humu," akajiambia. "Nimwage nini?"

Akamnywesha kikombe kizima.

Haikufika adhuhuri, Nambike akawa anatapika. Alisema kuta zimegeuka manjano. Moyo wake ulipiga, ukasita, ukapiga tena. Majirani wakajaa uani, na mmoja wao akapaza sauti, "Nakiete amemuua! Twende tukamfukuze!" Wengine wakaanza kuokota fimbo.

Kangero alikuwa ndani, ameushika mkono wa mkewe. Angenyamaza, nani angejua? Akauweka ule mkono taratibu juu ya shuka, akatoka hadi mlangoni.

"Wekeni fimbo chini," akasema. "Bibi hana kosa. Alinikataza maji ya kwanza, mimi nikampa. Kama kuna wa kufukuzwa, ni huyu hapa."

Fimbo zikaanguka moja moja, na mtu akatumwa kumwita Nakiete. Alipofika alikataza mgonjwa asionje tena maji yale, akakaa naye siku mbili akimpa uji mwepesi kijiko kwa kijiko. Mungu akajalia, moyo ukatulia.

Nambike alipopata sauti akamwuliza mumewe, "Ulitaka kuniua, baba watoto?"

"Nilitaka upone leo."

"Ungeniuliza mimi. Miaka yote hii nimekuwa nikikungoja urudi kutoka mnadani, siku kumi zingenishinda?"

Kangero akacheka huku machozi yakimtoka.

Nakiete akachimba mzizi mwingine, na safari hii Kangero aliuloweka na kubadili maji. Alipoanika alikaa papo hapo kivulini akifukuza kuku. Maji ya kwanza aliyachimbia shimo akayafukia. Ya pili yalikuwa meupe, ungedhani ni ya kuoshea vyombo, lakini alimpa kidogo kila asubuhi kama alivyoagizwa na Nakiete. Uvimbe ukashuka. Wakati wa kuvuna maharage Nambike alikuwa shambani, akigombana na mumewe kwamba havuni vizuri.

Na Kangero, kila kijana alipochachamaa barazani akitaka jambo liamuliwe papo hapo, alikuwa akiinua mkono na kusema, "Maji ya kwanza si dawa." Watu walimsikiliza, kwa sababu walikumbuka siku aliyosimama mlangoni.