Mifupa ya Kaulana na Maji ya Waiolu

Leo sitaki majibu ya haraka. Nitasimulia, nanyi mtanikatia shauri, maana mimi limenishinda.

Katika visiwa vya Hawaii, enzi za mashamba makubwa ya miwa, palikuwa na bonde la wakulima wa magimbi lililoitwa Waiolu. Humo waliishi watu watatu wenye vipaji. Bi Kapeka alikuwa na kumbukumbu: nyimbo zote za ukoo wake alizihifadhi kichwani. Kahele, mtoto wake wa kulea, alikuwa na kalamu, na gazeti lake dogo liliwaliza watu na kuwachekesha. Nohea, jirani yao, alikuwa na farasi na sauti. Nakala zilikuwa chache, basi alizunguka vijijini akiwasomea watu gazeti.

Wenye miwa wakaugeuza mto, magimbi yakaanza kukauka. Hakimu akasema maji yatarudi iwapo wanabonde watathibitisha kwamba mfereji wao ulichimbwa na Kaulana, mtu mashuhuri wa kale, maana hapo haki yao ya maji ingekuwa imeyatangulia mashamba ya miwa. Wenye miwa wakadai kwamba huyo Kaulana ni mtu wa ngano tu.

Kapeka alimjua vizuri kwa nyimbo, maana Kaulana alikuwa babu wa ukoo wake. Lakini kwao mifupa ya mtu mkubwa hufichwa pangoni, na mahali pake hujulikana na mtu mmoja tu katika kila kizazi. Zamu ilikuwa ya Kapeka. Pango lilitajwa mwishoni mwa wimbo wa Kaulana, na wimbo wa ukoo haukatwi katikati. Anayeukata huuletea ukoo msiba. Basi alipomwimbia Kahele ili aandike habari za mzee huyo, aliimba mpaka mwisho.

"Mwanangu, sehemu ya mwisho ni ya masikio yako tu," alimwambia. "Gazeti halina mlango wa kufunga."

Kahele akamshika mkono, akaahidi.

Akaandika sifa za Kaulana, wenye miwa wakacheka. Akaandika tena, wakacheka zaidi. Watoto wa bonde walikuwa wameshaanza kulala na njaa. Hapo Kahele akauchapa wimbo wote, pamoja na sehemu ile.

Nohea alilisoma gazeti kabla ya kuondoka, kama kawaida yake, akaelewa kilichofanyika. Angeweza kulitupa njiani na kusingizia mvua. Badala yake alipita njia ya majabali, kwa kuwa wenye miwa walikuwa wameziba barabara, akalisoma kila kijiji. Mwisho akalisoma uani mwa kanisa la Waiolu. Kapeka alikuwa amekaa mbele, amevaa taji la maua, akimwonea fahari mwanawe. Sauti ya Nohea ilipofika kwenye pango haikusita hata kidogo.

Kapeka alivua taji, akarudi nyumbani bila kuaga. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu Kahele, Kapeka alikuwa amemlisha kwa mkono wake mwenyewe. Aliumia kuliko siku aliyomzika mumewe.

Watu wa hakimu wakaenda pangoni, wakaikuta mifupa na kijiti cha kuchimbia mfereji. Maji yakaamriwa yarudi. Lakini wageni wengine nao walikuwa wamelisikia gazeti, na walipotoka pangoni fuvu la Kaulana halikuonekana tena.

Sasa, desturi ya Waiolu ni hii: aliyerudisha maji ndiye hufungua lango la mfereji, na mfereji huitwa kwa jina lake daima. Siku ilipofika, bonde likagawanyika. Wengine walisema bila kumbukumbu ya Kapeka pasingekuwa na la kuandika. Wengine walimtaka Kahele, maana kalamu yake ndiyo iliyothubutu. Waliobaki walimtaja Nohea, kwamba neno lisilofika ni sawa na neno lisilosemwa.

Kahele akamsogelea mama yake. "Mama, nilichagua walio hai."

"Ungeniomba ruhusa."

"Ungekubali?"

Kapeka alilitazama lango. Nyuma yake watu walisimama na vibuyu vyao vitupu.

Haya, wasikilizaji wangu, lango hilo mngemkabidhi nani? Na wewe unayejiona mwamuzi hodari, kama ungekuwa Kapeka, maji yale ungeyanywa?