Kura Isiyo na Jina

"Karatasi tupu nayo husema." Ndiyo methali mliyoisikia leo mkutanoni, wanangu, mkacheka. Ilizaliwa mbali, Marekani, nchi hiyo ilipokuwa bado changa. Watu nitakaowataja ni wa masimulizi tu, lakini mkwamo wenyewe ulikuwapo.

Enzi hizo kila mjumbe aliyetumwa kumchagua rais aliandika majina mawili, bila kuonyesha yupi awe rais na yupi makamu. Mwenye kura nyingi alikuwa rais, aliyemfuata, makamu. Katika chama kilichoshinda, kila mjumbe alidhani mwenzake ndiye atakayemnyima yule aliyekusudiwa umakamu kura moja, ili wa urais atangulie. Hakuna aliyemnyima. Zikatoka sabini na tatu kwa sabini na tatu. Bwana aliyekusudiwa urais na msaidizi wake wakalingana!

Uamuzi ukaenda bungeni. Majimbo yalikuwa kumi na sita, kila moja na kura moja, na mshindi alitakiwa kupata tisa. Bwana alikuwa na nane. Chama kilichoshindwa kikamuunga mkono msaidizi, ili kumkomoa bwana.

Jimbo la Obadia Penrose lilikuwa na wabunge wawili tu: yeye, wa chama kilichoshindwa, na Gideoni Latch, wa chama cha bwana. Kila mmoja akiandika mtu wake, kura ya jimbo inakufa. Na Obadia alikuwa amewaapia watu wa kwao kwamba mkono wake hautaliandika jina la yule bwana.

Gideoni alikuwa na homa kali. Aliletwa bungeni kwa machela kwenye theluji, akalazwa chumba cha pembeni, mkewe Tabitha akimshikia kalamu. Bunge lilipiga kura mara ya kumi, ya ishirini, ya thelathini na tano, mshindi asipatikane. Muhula wa rais wa zamani ulibakiza wiki mbili, na huko majimboni vijana wa mgambo walikwisha kuitwa washike silaha.

Siku ya saba, asubuhi, Obadia aliingia kumjulia hali mwenzake. Gideoni alikuwa akihema kama mtu anayepanda mlima na mzigo.

"Daktari anataka arudishwe nyumbani leo," Tabitha alisema. "Mwenyewe hataki."

"Nikiondoka, jimbo lote ni lako," Gideoni akasema kwa sauti iliyokauka. "Utampa mtumishi kiti cha bwana wake."

"Na wewe umpe bwana wako, mpenda Wafaransa."

"Angalau hao wanajua kupika."

Wakacheka, kicheko cha watu waliochoka, mpaka Gideoni akapaliwa na Tabitha akamwinua.

"Shemeji, niliapa," Obadia alisema. "Siwezi kuliandika jina lile."

Tabitha alikuwa akimbadilishia mumewe kitambaa cha maji usoni. Hakugeuka.

"Uliapa kutoliandika. Je, uliapa pia kuandika jingine?"



Adhuhuri wakaitwa kwa mara ya thelathini na sita. Obadia alichovya kalamu, akaitazama, akaifuta. Karatasi akaikunja tupu, kama alivyopewa. Kura ya Gideoni ikabaki peke yake, ikawa ndiyo kura ya jimbo. Nane zikawa tisa. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele na matusi, naye Obadia akahisi mabega yamelegea, kama aliyetua gunia. Gideoni akafunikwa mablanketi, akasafirishwa siku ile ile. Kufika Mei alikuwa shambani kwake, akigombana na kunguru.

Obadia alirudi kwao kwa hofu. Mhunzi wa kijiji alikuwa amesimama njiani, mikono kiunoni.

"Uliliandika?"

"Sikuliandika."

"Uliandika la nani?"

"Sikuandika lolote. Niliiacha tupu."

Mhunzi akageuka kuangalia uani, ambako kijana wake, aliyekuwa ameitwa mgambo, alikuwa akipasua kuni.

"Karatasi tupu nayo husema, Obadia," alisema. "Ingia ule."